Giza la Grand Canyon Linalindwa Mjini

Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ina zaidi ya taa 5,000 za nje. Aliyezoea kuliona lile korongo jekundu kwenye picha, bila nyumba hata moja, atauliza taa zote hizo zinamulika nini. Jibu ni kwamba kwenye ukingo wa kusini wa korongo kuna mji kamili, ingawa mdogo. Unakaliwa na watu wapatao 2,000, una shule, zahanati, stesheni ya treni, nyumba za wafanyakazi, viwanja vya kuegesha magari, na hoteli ambazo mojawapo, El Tovar, ilifunguliwa mwaka 1905. Mwaka 2016 hifadhi hii ilipewa cheti cha muda cha kulinda anga la giza, kwa sharti kwamba irekebishe taa zake. Mwaka 2019, ikiadhimisha miaka 100 tangu itangazwe kuwa hifadhi ya taifa, ilipewa cheti kamili. Kufikia hapo thuluthi mbili za taa zake zilikuwa zimekidhi masharti.

Ukiishia hapo, jambo lenyewe linaonekana jepesi: hesabu taa, badilisha balbu, pokea cheti. Lakini simama kwenye ukingo huo usiku usio na mwezi, utazame magharibi. Pale mbingu inapokutana na ardhi kuna kuba la mwanga hafifu. Ni Las Vegas, mji ulio umbali wa kilomita 270 hivi ukipiga mstari ulionyooka. Mkuu wa hifadhi anaweza kuamuru taa ya choo cha wageni izimwe, ila hana mamlaka juu ya balbu hata moja ya Las Vegas. Basi anga la hifadhi ni la nani, na mlinzi wake ni nani hasa?

Tuanze na namna taa ya mbali inavyoweza kuharibu anga la hapa. Mwanga unaopanda hewani haupotei wote. Njiani hugongana na molekuli za hewa, vumbi, moshi na matone ya maji, na kila mgongano huupeleka upande mwingine. Sehemu yake hurudi chini na kuingia machoni mwa mtu anayetazama juu. Nyota ziko palepale, na mwanga wake unafika kama ulivyokuwa ukifika zamani, ila sasa unapita kwenye pazia linalong'aa kuliko zenyewe. Zile hafifu ndizo zinazotangulia kumezwa, na pamoja nazo ule ukanda wa Njia Nyeupe, ambao kwa macho ni jumla ya nyota hafifu zisizohesabika.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwanga unaorushwa wima kabisa sio unaodhuru zaidi anga la mbali. Huo hupenya kilomita chache za hewa nzito kisha unakwenda zake. Ule unaotoka kwenye taa ukiwa umeinuka kidogo tu kupita mlalo husafiri ndani ya tabaka la chini la hewa, lenye vumbi na unyevu, kwa makumi ya kilomita, ukitawanyika njia nzima. Ndiyo maana taa ya duara isiyofunikwa, au projekta ya kuangaza ukuta iliyoinamishwa vibaya, huharibu anga la watu ambao hawajawahi kuuona mji ilikofungwa. Na ndiyo maana sharti la kwanza katika kazi hii ni kofia: kifuniko kinachozuia mwanga wote usipite juu ya usawa wa taa yenyewe.

Sharti la pili ni rangi. Hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu, na hiyo ndiyo sababu ya anga la mchana kuwa la bluu. Mwanga wa mawimbi ya nanomita 450 hutawanywa mara tatu hivi zaidi ya ule wa nanomita 600. Tena jicho lililokwisha kuzoea giza huihisi bluu vizuri kuliko nyekundu, kwa hiyo hasara inakuwa maradufu. Kwenye maboksi ya balbu rangi hii huandikwa kwa kelvini: 2,700 ni mwanga wa manjano unaotulia, na 6,500 ni ule mweupe wa kibluu unaofanya uso wa mtu uonekane kama wa mgonjwa. Shirika la DarkSky, lililoanzishwa mjini Tucson, Arizona, mwaka 1988 na ambalo ndilo linalotoa vyeti hivi, linataka taa za hifadhi zisizidi kelvini 3,000.

Miji miwili, mbingu moja

Katika miaka ya 1970 mwanafalaki Merle Walker alipima mng'ao wa anga kuzunguka miji ya California, akapata kanuni inayotumika hadi leo kwa makadirio ya haraka. Mng'ao wa mji huongezeka sambamba na idadi ya watu wake na hupungua upesi kwa umbali. Ukienda mbali maradufu, haubaki nusu. Hushuka hadi chini ya moja ya tano. Hii ni habari njema kwa hifadhi zilizo mbali na miji. Ila bonde la Las Vegas lina watu zaidi ya milioni mbili, na milioni mbili ni nyingi kiasi cha kuushinda hata umbali wa kilomita 270.

Kanuni ya Walker ina dhana moja iliyojificha ndani yake: kwamba kila mtu, popote alipo, huwasha kiasi kilekile cha taa. Mji wa Flagstaff unaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Flagstaff uko kilomita 100 hivi kusini-mashariki ya ukingo wa korongo, una wakazi wapatao 75,000, na kwa ukaribu wake ungeweza kuwa mwiba mkubwa kwa Grand Canyon. Haukuwa, kwa sababu ya historia iliyoanza kabla ya mtu yeyote kutamka maneno uchafuzi wa mwanga.

Mwaka 1894 Percival Lowell alijenga kituo chake cha kuchunguza nyota juu ya kilima pembeni mwa mji huo, na ni hapo Clyde Tombaugh alipoigundua Pluto mwaka 1930. Mji ukakua ukijua kwamba giza ni sehemu ya mtaji wake. Mwaka 1958 madiwani walipiga marufuku taa za kurusha miali angani zilizokuwa zikitumiwa na wafanyabiashara kujitangaza. Mwaka 1989 wakaenda mbali zaidi, wakaweka kikomo cha jumla ya mwanga unaoruhusiwa kwa kila ekari ya kiwanja. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya werevu kuliko zote, kwa sababu kofia peke yake haitoshi. Mwanga ulioelekezwa chini hugonga lami na zege, na sehemu yake hurudi juu. Ukiweka kofia kisha ukazidisha taa mara tatu, umerudi ulikotoka. Mwaka 2001 Flagstaff ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa kulinda anga lake la usiku.

Upande wa pili iko Las Vegas, ambayo hoteli yake ya Luxor imekuwa ikirusha mwali wima angani tangu mwaka 1993 kutoka kwenye kilele cha jengo lenye umbo la piramidi. Wadudu hukusanyika ndani ya mwali huo, popo huwafuata wadudu, na bundi huwafuata popo. Julai 2019, mwaka uleule Grand Canyon ilipopata cheti chake kamili, panzi walivamia mji kwa wingi hata wakaonekana kwenye rada za hali ya hewa. Watafiti walikadiria kwamba usiku mmoja tu walikuwa panzi milioni 46 hivi, tani 30 za wadudu, na kwamba walikuwa wakisogea kwenye sehemu zenye mwanga mwingi zaidi.

Kwa hiyo hifadhi moja ina majirani wawili. Yule wa karibu amejizuia kwa zaidi ya miaka sitini, na yule wa mbali anaonekana kila usiku. Cheti kinachoning'inia ofisini mwa hifadhi hakimfungi yeyote kati yao.

Kazi ya ndani

Hata hivyo, hifadhi ilikuwa na ya kwake ya kufanya. Kitengo cha anga la usiku cha idara ya hifadhi za taifa za Marekani kilianza kazi mwaka 1999, na mwaka 2007 eneo la Natural Bridges huko Utah likawa la kwanza kupata cheti cha aina hii. Natural Bridges ni padogo, penye majengo machache. Grand Canyon ilikuwa mtihani mwingine kabisa.

Kazi huanza na orodha: kila taa iko wapi, ya aina gani, inamulika nini, inawaka saa ngapi. Ni kazi ya kuchosha, na matunda yake makubwa hutoka hapohapo, kwa kuwa sehemu yoyote iliyokaliwa kwa miaka mia moja huwa na taa ambazo hakuna anayekumbuka kwa nini ziliwekwa. Zinazohitajika kweli hupewa kofia, hupunguzwa nguvu, hubadilishwa rangi, au hufungwa kihisi ili ziwake mtu anapopita na kuzimika akishapita. Majengo ya kihistoria yana ugumu wake, maana huwezi kubandika bati la kisasa kwenye taa iliyo sehemu ya sura ya hoteli ya mwaka 1905. Lazima sura ya nje ibaki, na mabadiliko yaende ndani, kwenye balbu na kioo.

Kila mwezi Juni wanafalaki wa ridhaa huja Grand Canyon na darubini zao, wakawaonyesha wageni Mshtarii na pete za Zohali bila malipo. Wengi hufika wakiwa na tochi za simu mkononi, na huelekezwa kutumia mwanga mwekundu. Jicho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza sawasawa, na mwako mmoja mweupe hufuta yote, ukaanza kuhesabu upya.

Anayedhani kazi hii ni kwa ajili ya kuwafurahisha wenye darubini hajafikiria viumbe vya usiku. Mfano ninaoupenda unatoka kusini mwa Afrika. Kuna aina ya tuta, mdudu anayefinyanga mpira wa kinyesi na kuusukuma, ambaye akishapata mpira wake lazima auondoe upesi kwa mstari ulionyooka kabla wenzake hawajamnyang'anya. Mwaka 2013 Marie Dacke na wenzake walionyesha kwamba usiku usio na mwezi mdudu huyu huifuata Njia Nyeupe. Walimwingiza kwenye jumba la maonyesho ya nyota mjini Johannesburg, wakamwashia na kumzimia mbingu, na hata pale walipomwonyesha tu ule ukanda mweupe bila nyota nyingine, alikwenda sawa. Utafiti uliofuata mwaka 2021 uliona kwamba chini ya anga la mji wadudu hawa huanza kufuata taa za majengo, au hupoteza kabisa ile namna yao ya kutawanyika.

Hata lile fumbo la wadudu kuizunguka balbu sasa lina maelezo mazuri zaidi. Watafiti waliowapiga picha kwa kamera za kasi kubwa, na kuchapisha matokeo mwaka 2024, waliona kwamba mdudu anayeruka huugeuzia mgongo upande wenye mwanga. Kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga ulikuwa juu. Akiwa karibu na taa, juu yake inahama kila anaposogea, naye anabaki akipinda bila kujua njia ya kutoka. Pwani yetu ya Afrika Mashariki inaujua mkasa wa aina hii kwa watoto wa kasa, ambao hutoka kwenye mchanga usiku wakitafuta upande wenye mwanga zaidi. Upande huo zamani ulikuwa bahari. Ufuo ukishakuwa na hoteli, huwa ni hoteli.

Wenye sababu ya kuogopa giza

Sasa pingamizi, na silichukulii kwa wepesi. Kumwambia mtu wa kijijini kusini mwa Tanzania kwamba giza ni hazina kunahitaji adabu. Kati ya mwaka 1988 na 2009 simba waliwashambulia zaidi ya watu 1,000 nchini Tanzania, na takriban thuluthi mbili walikufa. Uchambuzi wa mashambulizi hayo uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba saa za hatari zaidi ni za jioni katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale jua linapozama na mwezi bado haujachomoza, na simba wametoka kwenye usiku kadhaa wa mwanga uliowanyima mawindo. Watu hao hawakuwa na ushirikina wowote walipoogopa giza.

Huko Kenya, kijana Richard Turere wa Kitengela, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alipata umaarufu duniani mwaka 2013 kwa kutengeneza taa za kumetameta kuzunguka boma la ng'ombe la kwao. Alitumia betri ya gari, paneli ya sola, balbu za tochi na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Simba waliona kama kuna mtu anatembea na tochi, wakakaa mbali. Ukizitazama vizuri, taa za Turere zinakubaliana na mantiki ya Flagstaff: ni ndogo, ziko pale penye haja, na zinamulika kwa kusudi maalumu.

Kuhusu wahalifu, ushahidi haujanyooka kama pande zote mbili zinavyotaka. Utafiti wa mwaka 2015 uliofuatilia halmashauri 62 za Uingereza na Wales zilizopunguza au kuzima taa za barabarani haukuona ongezeko la ajali wala uhalifu. Jijini New York, kwa upande mwingine, jaribio la kuweka minara ya taa kwenye mitaa ya nyumba za umma lilipunguza uhalifu mkubwa wa usiku wa nje kwa asilimia 36 hivi. Ninavyosoma mimi, mahali na namna ya kumulika vina uzito kuliko wingi wa mwanga. Taa kali isiyo na kofia hukutia kiwi, na aliyesimama nyuma yake kivulini anakuona wewe vizuri zaidi ya unavyomwona yeye.

Ugumu mwingine uko kwenye kupima. Kwa miaka mingi setilaiti zilionyesha mwanga wa dunia ukiongezeka taratibu, kama asilimia mbili kwa mwaka. Mwaka 2023 Christopher Kyba na wenzake wakachapisha hesabu kutoka kwa maelfu ya watu wa kawaida waliotazama juu na kuripoti nyota wanazoziona. Kati ya mwaka 2011 na 2022 anga liling'aa zaidi kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 atafikisha miaka 18 akiona 100. Tofauti inaelezeka. Kamera ya setilaiti iliyokuwa ikitegemewa haioni bluu, na bluu ndiyo iliyoongezeka taa za LED ziliposambaa. Pia hutazama kutoka juu, hivyo hukosa sehemu kubwa ya mwanga wa mlalo, uleule unaofika mbali. LED zilitangazwa kuwa za kuokoa umeme, na kweli balbu moja huokoa. Kisha watu wakaona umeme umekuwa rahisi, wakawasha zaidi.

Wala tusizilaumu taa za barabarani kwa kila kitu. Tucson walipopunguza na kuongeza nguvu ya taa zao za mitaani kwa makusudi huku setilaiti ikipiga picha, ilionekana kwamba baada ya saa sita usiku taa hizo huchangia chini ya asilimia 20 ya mwanga wa mji. Uliobaki ni wa mabango, maegesho, viwanja vya michezo, kuta za maduka na nyumba. Halmashauri haina swichi ya hivyo vyote. Ina sheria ndogo tu, ikiamua kuzitunga.

Barani Afrika, hifadhi binafsi ya NamibRand nchini Namibia, yenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ilitambuliwa na shirika lilelile la DarkSky mwaka 2012, ya kwanza barani. Kwetu, Serengeti na Tsavo bado zina giza ambalo Ulaya inalilipia gharama kulirudisha, lakini giza hilo tunalo kwa sababu taa hazijafika, na hilo si sawa na kulilinda. Kambi nyingi za kitalii zilizima taa mapema kwa kuwa jenereta hunywa mafuta. Sola na betri zimeiondoa sababu hiyo. Na taa za sola zinazojaa kwenye maduka yetu ni zile za kelvini 6,000 na zaidi, kali na za kibluu, kwa sababu mnunuzi huona weupe akadhani ni nguvu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946 na leo ikipakana na jiji lenyewe, iko katika hali ya Grand Canyon lakini bila zile kilomita 270. Taa zinazoamua anga lake ziko kwenye maghala, barabara kuu na maghorofa, na maamuzi juu yake hupitia kwa serikali ya kaunti na idara za barabara. Mhifadhi hana kiti kwenye vikao vya kuchagua nguzo za taa.

Tangu mwaka 2019 kuna chanzo ambacho hata Flagstaff hauwezi kukitungia sheria ndogo. Kampuni ya SpaceX ilianza mwaka huo kurusha setilaiti zake za Starlink za kusambaza intaneti, ambazo sasa ni maelfu, na kampuni nyingine zinafuata. Setilaiti hizi hazina taa. Huakisi jua ambalo bado linazifikia huko juu hata baada ya kuzama kwetu. Katika latitudo ya Grand Canyon huonekana kwa saa nyingi zaidi mwezi Juni kuliko Desemba, na Juni ndio mwezi ambao wanafalaki wa ridhaa hupanga darubini zao ukingoni.